Asali ya Ushirombo, Barafu ya Songwa

Ushirombo, 2 Mei 1976

Kwa mjukuu wangu Epifania, huko Songwa penye almasi.

Salamu nyingi kutoka kwangu babu yako Clemens Masele. Kabla hujaendelea mbele tazama kwanza mwandiko. Huu ni mkono wangu, si wa katekista. Zile barua zote ulizopata zamani aliandika katekista, na kila nikimwambia andika hivi yeye anaandika vile, anatia mambo ya kanisani mahali nilipotia mambo ya ng'ombe. Sasa nimefaulu kisomo cha watu wazima hatua ya tatu, katika umri ambao wenzangu wanasahau hata majina ya wake zao. Mwalimu Scolastika alisema mbele ya darasa zima, "Mzee Clemens anashika kalamu kama shoka, lakini herufi zake zinasomeka." Nilifurahi sana. Barua hii imenichukua siku tatu.

Hapa nyumbani wote wazima. Shangazi yako Febronia mzima, na maneno yake yako palepale. Ng'ombe yule mwekundu amezaa jike. Mizinga yangu msituni imejaa mpaka nyuki wananing'inia nje.

Shangazi yako anataka kukuandikia kwamba nimevimba shavu. Usimsikilize. Ni nyuki. Aliniuma wakati wa Pasaka upande wa kushoto na uvimbe unapungua taratibu. Meno yangu unayajua, thelathini na mbili, yote ya kuzaliwa nayo. Kwenye harusi ya Mageni nilifungua soda kumi na nne kwa jino hili la pembeni, na jirani yetu Mabula alikuwa amekaa anatazama na ule mdomo wake mtupu. Nilimwambia, "Mabula, wewe kaa na watoto, mtapewa uji." Watu walicheka mpaka bibi harusi akacheka.

Sasa jambo lenyewe. Marcel, utingo wa basi, amefika hapa akasema kwamba huko kazini kwako unatia maziwa kwenye mtungi wa kioo, unabonyeza kitu, mtungi unanguruma, na maziwa yanatoka barafu. Nikamwambia Marcel wewe ni mwongo kama baba yako. Akaapa. Basi niandikie wewe mwenyewe nijue ni nani kati yenu nimwamini.

Ni mimi babu yako, kwa mkono wangu.


Songwa, 23 Mei 1976

Babu, shikamoo.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa, na ya tatu niliwasomea wenzangu jikoni. Mpishi mkuu, Bwana Theonest, aliichukua akaitazama kwenye mwanga wa dirisha akasema, "Huyu mzee ameandika au amechonga?" Lakini ameisoma yote hadi mwisho bila kuuliza neno. Babu, sijui niseme nini. Mama angekuwa hai angelia kwa furaha.

Mimi mzima. Bado niko kwenye ile nyumba ya wageni ya mgodini, na tangu Machi wamenitoa kwenye kuosha vyombo nimewekwa kwenye vitu vitamu.

Marcel hakusema uongo, ila amerukaruka. Mashine haigandishi maziwa. Kuna mama mmoja wa Kizungu, mume wake alikuwa injinia, walipoondoka aliacha mashine yake ya kusagia. Inaitwa blenda. Ni mtungi wa kioo kinene, chini yake visu vinne, na chini ya visu kuna mota kubwa ajabu. Anasema Theonest kwamba hii si ya nyumbani, ni ya hotelini, inasaga hata barafu tupu ikawa kama unga. Basi kazi yangu ni hii: nachemsha maziwa na sukari, yakipoa nayagandisha kwenye friza katika vile vyombo vya vipande, na ndizi mbivu pia nazikatakata nazigandisha. Kesho yake natumbukiza vyote kwenye mtungi na maziwa kidogo na krimu, nabonyeza. Inatakiwa itoke aiskrimu, laini, ya kulika kwa kijiko.

Babu, haitoki. Mara ya kwanza niliiacha ingurume nikaenda kuangalia mkate, niliporudi ulikuwa uji, tena wa moto. Mara ya pili nilisimama hapohapo, nikatia krimu nyingi, ikawa vidonge vya njano vinaogelea kwenye maji. Theonest alichovya kidole akasema, "Epifania, hii paka kwenye mkate." Nyingine niliitoa mapema ikawa mawe. Inatakiwa iwe tayari Saba Saba, familia zote za wafanyakazi zitakuja uwanjani. Isipokubali, vitu vitamu atapewa mtu mwingine. Hilo sikutaka kukuandikia lakini nimeshaliandika.

Sasa kuhusu nyuki. Tangu nizaliwe unaniambia nyuki wa Ushirombo wanakujua kwa jina, unapanda juu ya mti bila shati na hawajawahi kukuuma hata mmoja. Pasaka ilikuwa tarehe kumi na nane Aprili. Leo ni Mei ishirini na tatu. Babu, ni nyuki gani huyo?

Mjukuu wako,
Epifania


Ushirombo, 20 Juni 1976

Mjukuu wangu Epifania, marahaba.

Barua yako imechelewa parokiani, padri alikuwa safarini na ufunguo wa sanduku ulikuwa mfukoni mwake.

Nyuki aliyeniuma si wa kwangu. Ni mgeni, alikuwa anapita. Tumalize hapo.

Kuhusu mashine yako nimecheka mpaka nikashika shavu. Mmekwenda shule, mna umeme, mna injinia, na wote hamjui kwamba mnasuka maziwa. Ile ya vidonge vya njano hukuharibu kitu, ulitengeneza siagi. Kibuyu kinafanya hivyohivyo tangu babu wa babu yangu, ila kibuyu hakingurumi.

Sasa nakuambia neno ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa kijijini, na ukilisema nitalikana. Mama yangu hakupata binti. Kazi ya kusuka maziwa ilikuwa ya wasichana, lakini kwetu hakukuwa na msichana, basi mama alinipa mimi kibuyu. Nilikaa nyuma ya nyumba, wenzangu wakipita nakificha katikati ya magoti najifanya nasinzia. Nilisuka mpaka nilipoota ndevu. Kwa hiyo katika jambo hili hakuna mwanamume wa Bukombe anayenikaribia, na wanawake ni wachache.

Sikiliza sauti. Jicho litakudanganya. Maziwa yakianza yanapiga kibuyu, chwa, chwa, chwa, kama mtoto anayecheza kwenye maji. Yakizidi kuwa mazito yanaanza kunyamaza. Inafika mahali yananyamaza kabisa, unatikisa na unasikia mkono wako tu. Hapo ndipo yamejaa hewa, mazito, matamu, kama povu lenye nyama. Ukiendelea kidogo tu, yanapiga tena chwa, chwa, na siagi imeshajitenga, huwezi kuirudisha. Mama alikuwa ananipiga kofi nikipitisha.

Kwa hiyo mashine yako itakuwa inanguruma sauti moja mwanzoni kwa sababu inatafuna mawe. Halafu itabadilika. Ikinyamaza, iache. Usiongeze hata pumzi moja. Na mtungi wenyewe uweke kwanza kwenye hiyo friza, sisi kibuyu tulikiweka kwenye mtungi wa maji usiku kucha na tulisuka kabla jua halijatoka. Wewe unatia maziwa baridi kwenye mtungi wa moto halafu unashangaa.

Na acha sukari. Nimempa Marcel madebe mawili ya asali ya miti ya miombo. Umewahi kuona asali ikawa jiwe? Hata Juni hii ya baridi inakuwa nzito tu, kijiko kinaingia. Nadhani itafanya hivyo hata kwenye friza yenu, na mimi nikidhani huwa ni kweli.

Hapa tuko wazima. Siku hizi natumia zaidi maziwa na uji, kwa sababu ya joto.

Babu yako, kwa mkono wangu.


Songwa, 11 Julai 1976

Babu, shikamoo, na shikamoo tena.

Imekubali.

Barua na asali vilinifikia tarehe tatu. Tarehe tano niliweka mtungi kwenye friza tangu jioni. Asubuhi nikatia vipande vya maziwa ya asali, ndizi, krimu kidogo. Nikawaambia jikoni kote, "Naomba watu wanyamaze." Theonest akauliza, "Tunasali?" Nikasema babu yangu ameniagiza nisikilize. Nikabonyeza. Ilipiga kelele kama lori la mawe, wote wakaziba masikio. Halafu ile kelele ikaanza kushuka, ikashuka, ikawa mvumo mzito tu, na katikati ya mtungi maziwa yakawa yanajikunja polepole kama kitambaa. Theonest akasema, "Ongeza." Nikasema, "Babu amekataza." Nikazima.

Babu, kijiko kilisimama wima. Ilikuwa nyeupe yenye njano kidogo, na ukiiweka ulimini kwanza unapata baridi, halafu ndizi, na mwishoni kabisa, inapoyeyuka, unapata msitu wa kwetu. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia kidogo. Theonest alikula vijiko sita, halafu akasema, "Nani alisema mzee huyu hajasoma?" Na habari ya asali ni kweli, aiskrimu iliyobaki tuliirudisha kwenye friza, kesho yake bado kijiko kinaingia. Ya sukari ilikuwa inavunja vijiko.

Siku ya Saba Saba aiskrimu ilikwisha kabla hotuba hazijaanza. Vitu vitamu vimebaki kwangu. Nakushukuru babu. Siri yako ya kibuyu nimeifunga.

Lakini Juni hakuna joto. Wewe mwenyewe katika barua hiyohiyo umeandika Juni ya baridi, na mistari michache chini umeandika unakunywa uji kwa sababu ya joto. Babu, hapa karibu yetu ni Kolandoto, hospitali ya misheni, kuna tabibu wa meno. Njoo uone kazi yangu, na siku moja katikati tutapita pale akutazame tu.

Epifania


Songwa, 22 Agosti 1976

Babu, shikamoo.

Sijapata jibu la barua yangu ya Julai. Huenda padri amesafiri tena na ufunguo.

Mimi mzima. Aiskrimu sasa inaagizwa kila Jumamosi.

Marcel alifika juzi. Nilimuuliza habari zako akatazama matairi. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Marcel, nitazame." Akasema umefunga taya kwa kitambaa cha shangazi, kile cha maua. Akasema unaongea upande mmoja. Akasema suruali umeifunga kwa kamba, mkanda haukutoshi tena, na shangazi amekusihi mpaka amechoka. Akasema ulimwambia kwa meno yaliyobana, "Mabula asisikie."

Babu, miaka kumi na moja umemcheka Mabula. Najua. Lakini sitaki kukubembeleza kwa sababu wewe ukibembelezwa ndiyo unakaa chini kabisa kama punda.

Nina neno lingine. Theonest amebadilika. Anasema asali ile si ya mzinga wa gogo, ni ya dukani imechanganywa. Na anasema ile habari ya maziwa kunyamaza niliisoma kwenye kitabu cha mapishi cha yule mama wa Kizungu, haiwezekani mzee wa Ushirombo aijue. Nimembishia, hasikii. Anasema, "Kama yupo kweli, aje aonje, aseme mbele yangu kama ndivyo inavyotakiwa."

Mimi nimemjibu kwamba babu yangu hawezi, amezeeka.

Epifania


Ushirombo, 5 Septemba 1976

Epifania,

Marahaba. Wote wazima.

Mwambie huyo Theonest nakuja. Nakuja na asali ndani ya sega lake, na nyuki wawili waliokufa humo ili awahoji. Basi la Jumanne ijayo, kupitia Kahama. Mimi sijazeeka, nimekaa muda mrefu tu.

Barua ni fupi kwa sababu ya kalamu.

Clemens Masele


Kolandoto, wodi ya wanaume, 19 Septemba 1976

Mjukuu wangu Epifania,

Natumaini unaendelea vizuri huko Songwa. Nimelala kitanda cha dirishani. Hapa wananitunza vizuri sana, uji unakuja na maziwa, na muuguzi Paskalia anasema mwandiko wangu ni mkubwa lakini hauna aibu. Kuongea bado siwezi, wamenifunga tangu kidevuni mpaka utosini, ndiyo maana naandika. Nimeishiwa karatasi nikaomba ya nyuma ya kalenda.

Naandika kusahihisha habari. Jana ulipokuja nilikusikia ukiwasimulia wauguzi jinsi nilivyofika hapa, wakacheka, na mimi nimefungwa mdomo siwezi kujitetea. Si hivyo. Ilikuwa hivi.

Nilifika Songwa mwenyewe kwa miguu yangu kutoka kwenye basi. Nikamkuta Theonest, mtu mfupi, nikamwonyesha sega. Akasema, "Shikamoo mzee, karibu, asali yako tunaijua." Hakusema habari ya dukani hata kidogo. Nilimuuliza, "Wewe ndiye unayesema mimi sipo?" Akakutazama wewe, wewe ukatazama sufuria. Hapo nilishaelewa. Usifikiri sikuelewa. Ningeweza kugeuka na kurudi.

Sikurudi kwa sababu nilitaka kuona mashine. Ulipobonyeza nilisikiliza mpaka ikanyamaza, na ulizima mahali penyewe, nusu ya pumzi kabla yangu. Nikajua umeiva. Ukanipa bakuli. Nikaonja. Ilikuwa nzuri. Halafu nikakubali kuja hospitali kwa sababu ilikuwa njiani.

Hiyo ndiyo kweli. Waambie wauguzi.

Meno saba yametoka. Nimebaki na ishirini na tano.

Babu yako


Songwa, 24 Septemba 1976

Babu, shikamoo. Nafurahi kuona mwandiko wako umerudi kusimama.

Nimewasomea wauguzi barua yako kama ulivyoagiza. Sasa na mimi nisahihishe, kwa sababu tukiacha hivi wajukuu wa kesho watadanganywa.

Kolandoto si njiani kwenda kokote unakokwenda. Na kweli nilikudanganya kuhusu Theonest, naye alikuwa na aibu kuliko mimi. Nakuomba radhi. Sikuwa na kamba nyingine ya kukuvuta.

Lakini sikupanga lile bakuli. Nilitaka ule kwanza ufurahi, halafu kesho yake nianze kukusihi. Sikujua baridi inafanya nini kwenye jino bovu, nilisahau kabisa, mimi ninayejisifu nimejua kazi. Ulichota kijiko kikubwa, ukakipeleka upande wa kulia kwa hila, nikakuona. Aiskrimu ikayeyuka, ikapita upande wa pili. Theonest akauliza, "Mzee, ikoje?" Na wewe ulinyamaza.

Babu, wewe unaongea ukiwa unakula, ukiwa unasali, ukiwa usingizini shangazi anasema unaongea. Umekaa na kijiko mkononi, machozi yanashuka kwenye ule uvimbe, na hakuna neno. Ulinifundisha mwenyewe nikisikia sauti imenyamaza niache kila kitu, kwa sababu ukiendelea kidogo tu hakirudi. Ndiyo maana nilikunyang'anya bakuli. Ndiyo maana Theonest alikimbilia funguo za gari bila kuomba ruhusa ya mtu. Tulipokushika mikono hukubisha. Hilo ndilo lililonitisha kuliko uvimbe.

Tabibu aliniambia usaha ulikuwa umeshuka chini ya taya, unaelekea kooni. Akasema wiki mbili zaidi na asingekuwa na la kufanya. Hakutaka nikuambie. Nakuambia kwa sababu unajua kusoma.

Na hili pia waambie wajukuu wa kesho: siku ya tatu, ulipokuwa umekataa uji, nikaja na chupa ya chai nimeijaza aiskrimu, tabibu akasema hiyo hasa ndiyo dawa ya fizi, mpe. Ulifumba macho. Ulimaliza chupa nzima. Ukanionyesha kwa kidole, nyingine.

Jumamosi naja tena.

Epifania


Ushirombo, 14 Novemba 1976

Mjukuu wangu Epifania, marahaba.

Nimefika salama, nimeshanona, mkanda umerudi kwenye tundu lake. Ndama wa ng'ombe mwekundu anaruka. Mvua zimeanza. Shangazi yako mzima, alinifanyia ibada ya shukrani bila kunishirikisha, nikaenda kanisani Jumapili nasikia jina langu limetajwa mbele ya watu wote. Mizinga nimeikagua. Nyuki wamenisahau kidogo, mmoja ameniuma kweli, mkononi. Sasa nina nyuki mmoja wa haki.

Ulivyoandika kuhusu lile bakuli, sitabisha. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kubisha.

Sasa nikueleze habari ya Mabula. Nilikaa ndani siku nne tangu nirudi, kila akipita nasema nimelala. Siku ya tano alikuja akasukuma mlango mwenyewe. Akasema, "Clemens, nimesikia. Fungua mdomo." Nikasema, "Nenda zako." Akasema, "Miaka kumi na moja iliyopita mimi nilifungua wangu, ukahesabu mapengo mbele ya harusi. Fungua." Nikafungua. Nilijiandaa kwa maneno yote aliyokuwa ameyaweka. Akatazama muda mrefu, upande wa kushoto, akasema, "Pole sana. Hapo pa nyuma panauma mvua ikija. Tafuna kwa kulia, na ugali uwe na mchuzi." Basi. Nimekaa naye jirani tangu tuko wadogo na sikujua kwamba hapo pa nyuma panamuuma mvua ikija. Sikuwahi kuuliza.

Nikafikiri nimpe nini. Ng'ombe nilimpa zamani kwa jambo lingine. Nikakumbuka kwamba padri ana friji ya mafuta ya taa. Nikamwendea. Akauliza, "Mzee Clemens, ungependa kuungama?" Nikasema ningependa kuweka sufuria. Nikaweka maziwa ya asali na ndizi kwenye kile kisanduku cha juu, siku mbili, na kibuyu changu nikakiegemeza chini kwenye chupa za divai. Padri aliuliza mara tatu kama yameganda, na yeye anataka.

Jana nilibeba vyote nimefunika kwa gunia lililolowa maji, mbiombio mpaka nyumbani. Mabula alikuwa amekaa barazani. Nikayavunja kwenye kinu, nikatia kwenye kibuyu na maziwa kidogo ya mgando. Halafu nikakaa chini, nikaweka kibuyu magotini, nikasuka. Hadharani, Epifania. Kwenye baraza la mbele. Mabula akasema, "Hiyo si kazi ya wanawake?" Nikamwambia mama yangu hakuwa na binti. Akasema, "Najua. Tulikuwa tunakuona nyuma ya nyumba, ulikuwa unajifanya unasinzia. Nani anasinzia huku mabega yanacheza?"

Kumbe wote walijua. Miaka sabini na zaidi nimeificha, na wote walijua, na hakuna aliyenicheka.

Mashine yako ni bora kuliko kibuyu, hilo naliandika hapa na sitalisema kwa mdomo. Yangu ilikuwa nusu barafu nusu uji. Lakini ilikuwa baridi.

Nimebakiza neno moja, na ndilo lililokula siku mbili kati ya siku tatu za barua hii. Mwalimu Scolastika alitufundisha kuandika jina, na tarehe, na kuomba mbegu kwa bwana shamba. Hili la kushukuru hakulifundisha. Nimejaribu kuliandika kwa ukubwa wake nikaona nafuta. Basi naliandika kama tunavyolisema hapa kwetu: wabeja, Epifania. Wabeja kwa kunidanganya. Wabeja kwa kuninyang'anya bakuli. Na umwambie Theonest, wabeja kwa zile funguo alizozichukua bila kuomba. Debe lake la asali liko kwa Marcel, na lako, na la tabibu, na dogo la Paskalia ambaye hakuona aibu ya mwandiko wangu.

Nilipofungua kibuyu jana nilimpa Mabula kijiko cha kwanza, kisha nikachukua changu. Nilipeleka upande wa kushoto makusudi, pale palipokuwa na yale saba. Hapakuuma. Nilingojea, hapakuuma. Tukakaa pale barazani na vijiko vyetu, mimi na yeye, hakuna aliyesema kitu, mpaka shangazi yako akatoka jikoni mbio kuja kuangalia kuna nini.

Babu yako Clemens Masele, meno ishirini na tano, kwa mkono wangu.